SOMO: Jinsi ya kudrift kwenye CarX Drift Racing 2 bila kuishia ukutani

Wakuu habari za jioni. Nimeona wengi wanapakua hili game, siku mbili wanalifuta wanasema gari haishikiki. Inashikika sana, twende taratibu. Kwa wageni: kudrift ni kupita kona gari ikiteleza kiubavu, mkia (nyuma ya gari) ukiwa umetoka nje.

Hatua ya 1. Ingia setingi, shusha ubora wa picha mpaka simu iache kukwamakwama, maana drift ni suala la nusu sekunde, simu ikiganda kidogo tu ushagonga. Halafu chagua usukani wa kwenye skrini badala ya mishale, mishale inakata yote kwa mpigo na sisi tunataka kukata robo, nusu, robo tatu.

Hatua ya 2. Gari. Usikimbilie yenye nguvu nyingi. Keiichi Tsuchiya, Mjapani wanayemuita mfalme wa drift, jina lake limeshikamana na Toyota AE86, gari iliyotoka 1983, injini lita 1.6 na nguvu ya farasi kama 130 tu. Nguvu ikiwa ndogo inabidi uingie kona na spidi yako, huna gesi ya kukuokoa, na hapo ndo unajifunza.

Hatua ya 3. Hapa tulieni. Tuseme kona ni ya kulia. Kabla hujafika achia gesi kidogo, gusa usukani kushoto, halafu kata kulia haraka, uzito wa gari unahama upande na mkia unaanza kuachia. Mkia ukigoma kuachia ndo unagusa handbreki, nimesema kugusa, ukiing'ang'ania spidi inakufa. Mkia ukishatoka rudisha usukani kushoto na gesi irudi hapo hapo.

Kuanzia hapo handbreki isahau kabisa, gari unaiendesha kwa gesi. Mimi nilikaa karibu wiki tatu kwenye kona moja kwa sababu nilikuwa nakandamiza gesi mwanzo mwisho, kumbe kidole gumba kinatakiwa kigongegonge. Mkia ukizidi kutoka, achia. Pua ikianza kunyooka, ongeza. Na sikiliza tairi: mlio ukiwa mmoja mrefu uko sawa, ukianza kukatikakatika ujue zinataka kushika lami, na zikishika ghafla gari inakurusha upande wa pili. Macho yawe kule kona inapoishia, ukiangalia ukuta utaufuata.

Hatua ya 4. Kuunganisha kona. Ukitoka ya kulia usinyooshe gari, achia gesi kidogo, iache ivuke yenyewe kwenda kushoto, kisha gesi tena. Pointi zinapanda gari ikiwa imelala sana kiubavu, una spidi na hujakata mnyororo, yaani drift moja inaungana na nyingine.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi kila nikiingia kona gari inageuka inatazama nilikotoka, shida nini?
Jibu: Unachelewa kurudisha usukani. Usisubiri uone imelala, mkia ukianza tu kuachia mkono uwe ushaanza kurudi.

Swali: Kaka, Toyota GX100 ya mzee ipo nje hapa, naweza kuifanyia haya?
Jibu: Hapana mdogo wangu. Ni kweli inasukumwa na tairi za nyuma, na ndugu yake JZX100 ya turbo, lita 2.5, farasi 280, inapendwa sana na watu wa drift, lakini wanaifanyia viwanjani, wamevaa helmeti na gari ina kizimba cha chuma ndani. Barabarani kwetu kuna bodaboda na watoto wanatoka shule. Iache ya mzee.

Swali: Mimi dada yenu nacheza kwa kuinamisha simu, nibadilishe?
Jibu: Kama mkono ushazoea baki nayo dada, ila punguza wepesi wa usukani kwenye setingi.

Swali: Nikitaka kujifunza kudrift nyuma ya gari nyingine nianzie wapi?
Jibu: Humo humo kwenye game kuna sehemu inaitwa XDS, raundi ya kwanza unaongoza, ya pili unajikimbiza mwenyewe. Ile ya kwanza endesha kwa mstari safi na spidi ya wastani, maana ndo gari utakayoifuata, ukiyumba utaifuata na kuyumba kwake.