Vifaranga wa samaki hawalishwi siku wanayofika

Kila mwaka baridi ya kipupwe inapoanza kulegea, wafugaji wa Rungwe, Mbeya Vijijini, Mufindi na Njombe huagiza vifaranga wa sato, na kila mwaka simu zinazonifikia siku ya tatu au ya nne baada ya vifaranga kupandikizwa huwa ni zilezile: samaki wanaelea. Mfugaji anayepiga huwa na hakika kwamba ameuziwa samaki wagonjwa, au kwamba kuna mtu ametia sumu mferejini usiku. Nikifika bwawani, jambo la kwanza ninalofanya ni kupiga magoti ukingoni na kuzamisha mkono hadi chini, pale pale mfugaji anaposimama akilisha. Mara nyingi mkono hutoka na tope jeusi, laini, lililochanganyika na pumba, lenye harufu ya yai viza. Hiyo ndiyo sumu, na aliyeitia ni mfugaji mwenyewe kwa huruma yake, akidhani kwamba viumbe waliosafiri kutwa nzima ndani ya mfuko wa plastiki wamefika na njaa.

Kuchimba bwawa, kuweka chokaa na kurutubisha maji kwa samadi ni mambo ambayo wengi wenu mnayafahamu vizuri, kwa hiyo sitayarudia. Nataka tukae na siku kumi za kwanza za kifaranga, kwa sababu ndizo zinazowatia hasara.

Kifaranga aliyetoka safarini, iwe ametoka kituo cha kuzalishia vifaranga cha Ruhila kule Songea au cha Kingolwira mkoani Morogoro, huwa amefungwa tumbo tangu siku moja kabla ya kupakiwa, ili asichafue maji ya mfuko. Hilo hufanyika kwa makusudi na halimdhuru. Kinachomsumbua ni msukosuko wa barabara, kushikwashikwa, na mabadiliko ya maji. Katika hali hiyo hamu ya kula hupotea na tumbo lake halisagi chakula sawasawa. Zaidi ya hapo, samaki hana joto lake mwenyewe kama kuku au ng'ombe, bali mwili wake hufuata joto la maji. Sato hustawi katika maji ya nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hula kwa kusuasua, yakifika nyuzi 16 huacha kula kabisa, na yakikaribia nyuzi 12 huanza kufa. Mfugaji wa Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, anaweza kukosea kidogo na maji ya joto yakamsitiri. Wewe uliye Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, au Njombe ambako ni juu zaidi, huna nafasi hiyo.

Chakula kisicholiwa huzama, kikaoza, na vijidudu vinavyokiozesha hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Usiku mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani nayo huvuta oksijeni badala ya kuitoa, hivyo hewa ya bwawa huwa pungufu kuliko wakati wote kati ya saa kumi alfajiri na saa moja asubuhi. Ndiyo maana vifo huonekana asubuhi, na ndiyo maana watu hufikiri kwamba kuna mtu alipita usiku.

Niliwahi kumkuta mfugaji mmoja wa Mufindi saa moja kasoro asubuhi, amesimama ukingoni na sufuria ya chakula. Vifaranga walikuwa wamejikusanya juu ya maji karibu na mahali maji yanapoingilia, midomo wazi, wakipumua kwa haraka. Akaniambia kwa furaha, "Tazama bwana samaki, wameshanizoea, wananiomba chakula." Kisha akarusha konzi tatu kabla sijamfikia. Hakuna kifaranga aliyepokea hata punje moja. Zile punje ziliwapita puani zikazama. Walikuwa wanatafuta hewa. Samaki mwenye njaa huja juu, akadaka, akazama tena. Samaki anayekosa hewa hubaki juu, mdomo ukifunguka na kufumba, wala hashtuki hata ukipitisha kivuli cha mkono wako. Mfugaji asiyejua tofauti hiyo huongeza chakula kila anapoona dalili ya kwamba chakula kimezidi, na kwa namna hiyo bwawa zima huisha ndani ya siku nne.

Siku ya kuwapokea, fanyeni hivi. Vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya maeneo ya joto hushauri kupandikiza alfajiri. Huku kwetu nashauri kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, kwa kuwa ndipo maji ya bwawa huwa yamepata joto na kukaribiana na maji ya mfuko. Mfuko uliofika kwa bodaboda ukiwa umepigwa na jua unaweza kuwa na nyuzi 27, ilhali bwawa lina nyuzi 19. Uwekeni kwanza kivulini, ukiwa bado umefungwa, kwa muda wa saa moja. Halafu uelee bwawani kwa dakika 20 hadi 30, bado umefungwa. Baada ya hapo fungueni, pimeni kwa kipimajoto maji ya ndani na ya nje, na tofauti isizidi nyuzi 2. Ongezeni maji ya bwawa kidogo kidogo, kiasi cha robo ya maji yaliyomo mfukoni kila baada ya dakika 5, mara tatu au nne, kisha ulazeni mfuko ubavu ili samaki watoke wenyewe. Hawamiminwi kama mahindi.

Mfuko ukishafunguliwa, kazi hiyo isizidi dakika 20. Katika safari ndefu hewa ya kabonidayoksaidi hujaa ndani ya mfuko na kuyafanya maji kuwa na uchachu, na uchachu huo huizuia amonia isiwadhuru samaki sana. Mfuko ukifunguliwa hewa hiyo hutoka, uchachu hupungua, na amonia ileile huwa kali. Anayefungua mfuko kisha akaenda kunywa chai anawaacha vifaranga katika maji yanayozidi kuwa mabaya kila dakika. Kama mna kizimba cha neti, waachieni humo na mfunike nusu ya juu kwa majani ya mgomba, kwa sababu kivuli huwatuliza. Watoto wasirushe mawe, na msiburute neti ya kuwakagua kwa wiki mbili za mwanzo.

Siku hiyo hakuna chakula, hata kidogo. Wasipolishwa kwa saa 24 hawatakufa njaa, kwani bwawa lililorutubishwa vizuri lina vijimea na vijidudu vya kutosha kuwaonjesha.

Sasa tuje kwenye vipimo, na hapa naomba mnivumilie nikiwa mkali. Konzi si kipimo. Niliipima konzi ya mkono wangu mwenyewe kwa mzani wa dukani, nikapata gramu 55 za chakula kilichosagwa. Ya mwanamume mwenye mkono mkubwa itazidi. Chukua bwawa la mita 10 kwa 20 lenye vifaranga 600, yaani watatu kwa kila mita ya mraba, kila mmoja akiwa na gramu 2. Samaki wote wa bwawa hilo wana uzito wa gramu 1,200 tu, mzigo mwepesi kuliko jogoo mmoja. Ukirusha konzi tatu asubuhi na tatu jioni umetupa gramu 330, zaidi ya robo ya uzito wa samaki wote, kwa siku moja. Hakuna mfugaji atakayempa ng'ombe wa kilo 300 kilo 80 za pumba kwa siku, lakini bwawani tunafanya hivyo bila kuona aibu. Ukitaka kujua uzito wa vifaranga wako, mwambie muuzaji apime mbele yako: ndoo yenye maji iwekwe mzanini, watiwe vifaranga 50, na tofauti igawanywe kwa 50.

Kwa bwawa hilo la mfano, siku ya pili saa nne asubuhi toa asilimia 1 ya uzito, yaani gramu 12, kijiko kimoja cha kulia. Siku ya tatu toa gramu 24, nusu saa nne asubuhi na nusu saa tisa alasiri. Siku ya nne na ya tano ongeza hadi gramu 36, ila tu ikiwa chakula cha jana yake kilikwisha ndani ya dakika 10. Kisipokwisha, rudi kiwango cha nyuma na usibishane na maji. Kuanzia siku ya saba unaweza kupanda polepole hadi asilimia 6, gramu 72, endapo maji yana nyuzi 24 au zaidi saa tisa alasiri, yakipimwa sentimita 30 chini ya uso wa maji. Yakiwa kati ya nyuzi 20 na 24, usivuke asilimia 4. Yakiwa kati ya 18 na 20, lisha asilimia 2 mara moja tu, saa nane mchana. Yakiwa chini ya 18, usilishe. Kulisha saa kumi na mbili jioni kwa sababu ndipo umerudi kutoka shamba la chai ni kosa lilelile kwa sura nyingine, maana chakula hicho kitalala na kuoza usiku.

Chakula kiwe na protini ya asilimia 35 hadi 40. Pumba ya mahindi peke yake haifikii hata theluthi ya hapo, na ndiyo inayooza kwa wingi. Ichanganyeni na mashudu ya alizeti na unga wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kisha mchekeche, kwa sababu mdomo wa kifaranga wa gramu 2 haupokei punje inayozidi milimita 1. Tengenezeni fremu ya mianzi ya mita moja kwa mita moja inayoelea, na chakula chote kiwekwe ndani yake. Fremu hiyo hukuonyesha kilicholiwa na kilichobaki, jambo ambalo chakula kilichorushwa bwawa zima hakiwezi kukuonyesha kamwe.

Wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo, kama ninavyoona sasa katika maduka na nyumba za Mbeya mjini, wanafanya kosa hilohilo, na kwao huua haraka zaidi kwa kuwa tangi la lita 60 halina pa kuficha uchafu. Zima taa siku ya kwanza, usilishe hadi kesho yake, kisha toa chembe za kubana kwa vidole viwili, ziishe ndani ya dakika 2. Chujio jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla halijaweza kuondoa amonia, hivyo badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu, na maji ya bomba yalale wazi saa 24 kwanza.

Mambo yakienda vizuri, kufikia siku ya kumi vifaranga watakuja kwenye fremu mara wakisikia hatua zako.

Yakiharibika, acha kulisha kwa siku tatu. Asubuhi ile ile chota maji ya bwawa kwa ndoo na uyamwage kutoka juu, tena na tena, hadi jua litakapochomoza vizuri, ili yapate hewa. Usikimbilie kufungulia mfereji alfajiri, kwa sababu maji ya vijito vyetu saa hizo ni baridi mno na yatawamalizia waliobaki. Subiri saa sita mchana, toa theluthi ya maji kutoka chini ya bwawa, yale yenye tope, kisha ingiza mapya polepole yakipita juu ya mawe, na ukimaliza ufunge mfereji. Bwawa linaloingiza maji usiku na mchana halipati joto, na rangi yake ya kijani husombwa yote.