Mtoto anataka waya za meno? Anzia hapa

Kina mama mnaoniuliza kuhusu waya za binti yangu, kwanza hamuanzi kwa daktari wa kupanga meno. Mnaanza kwa daktari wa meno wa kawaida, hapo hapo kliniki ya meno ya serikali, Makadara hapa Mombasa ama iliyo karibu nawe, yeye ndo anaangalia kinywa chote, anaziba matundu, anasafisha ufizi, maanake waya haifungwi juu ya jino bovu, halafu ndo anaandika barua ya rufaa.

Usingoje awe mwari. Chonge za juu hutoka kama miaka 11 hadi 13, na mtoto akiwa na 9 au 10 daktari akipapasa ufizi anaweza kuzihisi kama zinashuka sawa ama zimepotea njia. Mwambie tu, "dokta, hebu niangalizie chonge." Na magego ya utoto yakiuma msikimbilie kung'oa, uliza kwanza kama yazibika, likitoka mapema gego la ukubwani lasogea mbele na kula nafasi.

Sasa mimi nilikwama kwenye barua ya pili, ile ya kung'oa meno ili yapate nafasi. Mpangaji wa meno aliandika "toa 4", basi nikavuka feri nayo kwenye pochi, daktari wa kung'oa akaisoma mara mbili akaniuliza, mama, ni meno manne ama jino la nne? Maanake wao huhesabu kutoka katikati ya mdomo. Mimi ntajuaje! Tukarudishwa, siku imeisha hivyo (heri kurudishwa kuliko kung'olewa silo, wallahi). Kwa hivyo barua iwe na namba mbili mbili, ya kwanza ni upande wa mdomo, ya pili ni jino lenyewe: 14 ni juu kulia kwa mtoto mwenyewe, 24 juu kushoto, 34 chini kushoto, 44 chini kulia. Isome kabla hujatoka mlangoni, ipige picha, na eksirei ubebe usije ukalipia nyengine bure. Akishang'oa, aandike majibu na tarehe, umrudishie mpangaji.

Waya zikishafungwa msimhame yule daktari wa kwanza, mpangaji anakaza waya, matundu ni kazi ya mwenzake, kila miezi 6 mpeleke. Na mabuyu ni haramu kwake, kashata pia. Wangu aling'oa breketi mbili (vile vidude vya kushikia waya) kwa mabuyu ya shilingi kumi, tena siku ya Idi, kliniki zimefungwa.