Laravel inaposhindwa kuifikia hifadhidata: anza na namba ya kosa

Anayejenga tovuti kwa Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya PHP, hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na ukurasa wa kosa unaoanza na neno `SQLSTATE`, na wengi wetu tukiuona tu, mkono hukimbilia faili la `.env`, linaloshika usanidi wa mradi, kubadilisha nenosiri. Nakusihi usianze hapo. Kabla programu haijapata hata safu moja ya data, hupita vituo kadhaa kwa mfuatano: husoma usanidi wake, hutafuta kiendeshi cha PHP kinachojua kuzungumza na aina ile ya hifadhidata, huitafuta seva kwenye anwani na poti iliyotajwa, hujitambulisha kwa jina na nenosiri, huomba hifadhidata kwa jina lake, kisha ndipo huulizia majedwali. Ujumbe wa kosa hukuambia imekwama kituo gani. Ukiona namba 2002, nenosiri lako halijaulizwa bado, hata ulibadilishe mara kumi. Ukiona 1045, seva imeshapatikana na imeshajibu, kwa hiyo acha poti na anwani zilivyo.

Hakikisha kwanza unao ujumbe mzima. Kwenye kompyuta yako ukurasa wa kosa utaonyesha kila kitu, lakini kwenye seva inayohudumia wateja `APP_DEBUG` inapaswa kuwa `false`, na mgeni ataona maneno matupu ya kosa namba 500. Usishawishike kuiwasha pale, kwa sababu ukurasa ule huweza kumwonyesha mtu yeyote undani wa programu na usanidi wake. Ingia kwenye folda ya mradi usome mwisho wa faili la kumbukumbu za makosa (log):

`tail -n 50 storage/logs/laravel.log`

Sasa tuingie kwenye kituo cha kwanza, ambacho ndicho kinachowapotezea watu muda kuliko vingine vyote: je, programu inasoma usanidi ulioandika wewe, au mwingine? Laravel haichukui thamani za `.env` moja kwa moja kila mahali. Thamani hizo husomwa na mafaili yaliyo kwenye folda ya `config`, na kwa upande wetu ni `config/database.php`. Mtu akiendesha amri ya `php artisan config:cache` (`artisan` ni zana ya amri ya Laravel), usanidi wote hukusanywa na kuandikwa katika faili moja, `bootstrap/cache/config.php`, na maadamu faili hilo lipo, `.env` haifunguliwi kabisa. Unaweza kuihariri hadi usiku wa manane, programu itaendelea kutumia maneno ya wiki iliyopita.

Hilo limenipata mwenyewe. Nilihamisha mradi kutoka kompyuta yangu hadi kwenye seva ya kukodi, nikanakili folda yote pamoja na kashe yake, yaani lile faili la usanidi uliokusanywa, kisha nikatumia nusu siku nzima kuunda watumiaji wapya wa MySQL, ndiyo seva ya hifadhidata, na manenosiri mapya. Kila mara kosa lilikuwa lilelile, tena likiwa na jina la mtumiaji `root`, ambaye sikuwa nimemwandika popote kwenye `.env` ya seva ile. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu ujumbe wa kwanza. Jina linalotajwa ndani ya kosa ndilo jina ambalo programu imelituma kweli, na likitofautiana na uliloandika, tatizo liko kwenye usomaji wa usanidi, wala MySQL haina kosa lolote. Katika matoleo ya Laravel hadi la 10, ukiona mtumiaji `forge` ambaye humjui, hiyo ni thamani ya akiba iliyoandikwa ndani ya `config/database.php`, inayotumika pale `DB_USERNAME` inapokosekana.

Dawa yake ni fupi:

`php artisan config:clear`

Kama hata amri za `artisan` zinagoma, futa `bootstrap/cache/config.php` kwa mkono. Hakuna kitakachopotea, kwani faili hilo hutengenezwa upya wakati wowote. Kisha iulize programu yenyewe inaona nini. Matoleo ya karibuni yana amri ya `php artisan config:show database.connections.mysql`, ila ujue kwamba huchapisha nenosiri waziwazi, kwa hiyo usiiendeshe huku unawaonyesha wengine skrini yako. Katika matoleo ya zamani fungua `php artisan tinker`, dirisha la kuijaribu programu kwa mistari ya PHP, uandike `config('database.connections.mysql.username')`. Ikiwa kashe imefutwa na bado thamani ni ya ajabu, chunguza kama seva yenyewe, au faili la Docker Compose (linalopanga kontena, yaani visanduku vya kuendeshea programu), limeweka `DB_HOST` au `DB_PASSWORD` kama kigezo cha mazingira, maana vigezo vya namna hiyo hushinda vilivyomo ndani ya `.env`. Na kama kuna mahali umeita `env()` nje ya folda ya `config`, hamishia huko, kwa sababu kashe ikishajengwa wito huo hautapata tena kilichoandikwa ndani ya `.env`.

Alama ya `#` nayo ina kisa chake. Ndani ya `.env` alama hiyo huanzisha maelezo ya pembeni, hivyo mstari wa `DB_PASSWORD=Mvua#Kubwa7` hufika MySQL ukiwa `Mvua` peke yake, na seva kwa haki kabisa inalikataa. Nenosiri lenye nafasi nalo huvunja usomaji wa faili zima. Funga nenosiri ndani ya alama za kunukuu, na ikiwa lina alama ya dola pia, tumia alama moja-moja: `DB_PASSWORD='Mvua#Kubwa7'`.

Kituo cha kiendeshi hakina mengi. Ujumbe wa `could not find driver` maana yake PHP haina moduli ya `pdo_mysql`, au `pdo_pgsql` kwa wanaotumia PostgreSQL. Andika `php -m` uone orodha. Kwenye Ubuntu moduli huja na kifurushi kama `php8.3-mysql`, kwa namba ya toleo lako; kwenye Windows mara nyingi ni kuondoa nukta-mkato iliyo mbele ya `extension=pdo_mysql` ndani ya `php.ini`. Angalia tu kwamba PHP ya terminali na PHP inayohudumia tovuti huweza kuwa mbili tofauti, kila moja na `php.ini` yake. Ndiyo maana amri hufanya kazi vizuri huku kivinjari kikilalamika. Ukishasakinisha, washa upya huduma ya PHP-FPM au Apache.

Namba 2002 inahitaji uangalifu, kwa kuwa huja na maneno tofauti na kila neno lina maana yake. `Connection refused` inasema kwamba anwani imefikiwa lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti ile: ama MySQL imezimwa, ama umekosea poti. Kwenye Linux tazama kwa `sudo systemctl status mysql`. Kwa anayetumia XAMPP, angalia kama MySQL imewashwa kwenye dirisha lake la udhibiti. Poti ya kawaida ya MySQL ni 3306, ya PostgreSQL ni 5432, na MAMP kwa mpangilio wake wa awali huiweka MySQL kwenye 8889.

`No such file or directory` huwashangaza watu, kwani hakuna faili walilolitaja. Siri iko kwenye neno `localhost`. Kwenye Linux na macOS, MySQL ikipewa neno hilo haitumii mtandao kabisa, bali hutafuta soketi, ambayo ni faili maalumu ndani ya kompyuta, na isipoikuta pale inapotarajia ndipo huleta ujumbe huo. Andika `DB_HOST=127.0.0.1` na muunganisho utapita kwenye poti kama kawaida, au taja mahali soketi ilipo kwa `DB_SOCKET`. Ukiona `getaddrinfo` ndani ya ujumbe, jina la seva halitambuliki, na ukiona muda umeisha bila jibu, shuku ukuta wa usalama wa mtandao kabla ya kitu kingine. Seva ya MySQL iliyo kwenye mashine nyingine huweza pia kuwa na `bind-address` ya `127.0.0.1`, yaani inawasikiliza wa ndani tu, na hapo kwa kawaida wa nje hurudishwa kwa `Connection refused`.

Wanaotumia Docker hukwama hapa kwa sababu nyingine. Ndani ya kontena, `127.0.0.1` ni kontena lenyewe, na MySQL haimo humo. Andika jina la huduma kama lilivyo kwenye faili la Compose, kwa mfano `DB_HOST=mysql`. Ikiwa umeandika poti `3307:3306`, programu iliyo ndani ya kontena hutumia 3306, ilhali wewe ukiwa nje na zana zako hutumia 3307.

Tukifika 1045, yaani `Access denied`, soma hadi mwisho wa mstari. Ukikuta `using password: NO`, hakuna nenosiri lililotumwa, kwa hiyo rudi kwenye kituo cha kwanza. Ukikuta `YES`, lilitumwa likakataliwa, na hapo ndipo panapofaa kulichunguza. Kumbuka kwamba kwa MySQL mtumiaji ni jina pamoja na mahali anakotokea: `'duka'@'localhost'` na `'duka'@'%'` ni watu wawili, kila mmoja na nenosiri lake na ruhusa zake. Kwenye Ubuntu, `root` wa MySQL kwa kawaida hutambuliwa kwa akaunti ya mfumo badala ya nenosiri, kwa hiyo programu haitaingia kwa jina hilo hata ukibadilisha nenosiri kwenye `.env`. Muundie mtumiaji wake:

`CREATE USER 'duka'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu';`
`GRANT ALL PRIVILEGES ON duka_db.* TO 'duka'@'localhost';`

Namba 1049 inasema hifadhidata ya jina hilo haipo. 1044 inasema mtumiaji hana ruhusa nayo. Asiye na ruhusa huweza kupewa 1044 hata kama hifadhidata yenyewe haipo, kwa hiyo hakiki vyote viwili. Kwenye seva za kukodi zenye cPanel, paneli ya kuziendeshea kwa kivinjari, majina yote mawili kwa kawaida hutanguliwa na jina la akaunti na mstari wa chini, na kumuunda mtumiaji peke yake hakutoshi hadi umuunganishe na hifadhidata ile.

Mradi ulioanzishwa kwa Laravel 11, lililotoka mwaka 2024, hutumia SQLite kama chaguo la awali, na mistari ya `DB_HOST` hadi `DB_PASSWORD` huwa imezimwa kwa `#`. Anayebadilisha `DB_CONNECTION=mysql` peke yake huachiwa `root` asiye na nenosiri na hifadhidata inayoitwa `laravel`. Iwashe mistari yote. Kinyume chake, anayehamia `sqlite` huku ameacha `DB_DATABASE=laravel` ataambiwa faili la hifadhidata halipo, kwa sababu kwa SQLite thamani hiyo ni njia ya faili. Iondoe, au iandike njia nzima kuanzia mzizi.

Ukishafika kwenye `42S02`, furahi: muunganisho umekubali, kilichokosekana ni jedwali. Endesha `php artisan migrate:status`, kisha `php artisan migrate`. Ila naomba sana, usiguse `migrate:fresh` kwenye seva yenye data ya watu kwa kuwa tu umeona imependekezwa mahali, kwa sababu hufuta majedwali yote kabla ya kuyaunda upya.

Baada ya kurekebisha, thibitisha kwa `php artisan db:show`, au ndani ya `tinker` andika `DB::connection()->getPdo()`. Kwenye seva ya wateja jenga kashe upya kwa `php artisan config:cache`. Na kama mradi una kazi za foleni zinazoendeshwa nyuma ya pazia na `queue:work`, michakato hiyo imeshika usanidi wa zamani kwenye kumbukumbu yake tangu ilipowashwa. Tovuti itafunguka vizuri huku barua pepe zikiendelea kukwama. Malizia na amri hii, kisha uangalie kwamba Supervisor, programu inayosimamia michakato hiyo, imeiwasha tena:

`php artisan queue:restart`