Bei ya stika: pima roli, usipime herufi

Mwenye boti akitaka jina la sentimita 100 kwa 20, usimtoze eneo hilo tu. Roli yako ya plastiki ya stika ina upana wa sentimita 61. Ukikata mita nzima, unabakiwa na kipande cha 41. Kikiwa cheusi au cheupe kitapata kazi. Kikiwa zambarau kitalala dukani mpaka gundi ikauke, basi mtoze upana wote. Ongeza na tepu ya kuhamishia, ile inayobeba herufi zilizokatwa mpaka kwenye boti, maana nayo inakwenda kwa eneo lile lile.

Kinachokula faida zaidi ni kuchambua mabaki, yaani kung'oa plastiki isiyotakiwa pembeni na ndani ya herufi. Herufi nene za kimo cha sentimita 20 ni dakika chache. Maandishi ya Kiarabu ya sentimita 2 ni kazi nyengine: nukta hung'oka pamoja na mabaki, na ukizikosa unarudia kukata. Hapo toza kwa saa, si kwa mita.

Kubandika bandarini Malindi weka bei yake peke yake, pamoja na spiriti ya kusafishia pa kubandika. Na chukua nusu kabla ya kukata. Jina la boti halina mnunuzi wa pili.