Melanoma ya unyayo: namna ya kupima unene usikosee

Kwa mtu mweusi, melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha. Kipimo kinachotabiri mengi zaidi ni unene wa Breslow, yaani kina cha saratani kutoka juu ya ngozi hadi seli ya chini kabisa, na ngozi nene ya mguuni ndiyo inayowakosesha wengi.

Kazi huanza kabla ya hadubini. Doa likitolewa lote na ukingo wa milimita 1 hadi 3, unene utaonekana. Likikwanguliwa juu juu, unene huo hupotea. Litiwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo usiopungua mara kumi ya kipande. Chupa ikisafirishwa Nairobi ikiwa imejaa nyama na dawa kidogo, katikati huoza na mitosi (seli zinazogawanyika) hazihesabiki.

Paka wino kingoni, kisha kata wima. Ukiona visiwa vya epidemisi (tabaka la juu la ngozi) vinaelea ndani ya demisi (tabaka la chini yake), mkato umekwenda mshazari na unene utazidi bure. Agiza ukatwe upya.

Mikromita, rula ya ndani ya hadubini, isawazishwe kwa kila lenzi. Anzia juu ya tabaka la chembechembe, lililo chini tu ya keratini (gamba gumu la nje), si juu ya keratini: kisiginoni keratini peke yake yaweza kupita milimita 1, na ukiihesabu umempandisha mgonjwa daraja kwa sugu tu. Shuka hadi seli ya saratani iliyo chini kabisa, ila usifuate zile zilizoteremka kando ya mfereji wa jasho. Pakiwa na kidonda, anzia sakafu yake. Andika kwa desimali moja, kisha toa daraja la T, linalotokana na unene kwa milimita: chini ya 0.8 bila kidonda ni T1a; 0.8 hadi 1.0, au pungufu lakini pana kidonda, ni T1b; hadi 2.0, T2; hadi 4.0, T3; zaidi ya hapo, T4.

Kidonda cha kweli kina fibrini (nyuzi za damu iliyoganda) na seli nyeupe. Epidemisi iliyobanduka bila hivyo ni kazi ya kisu. Uliza pia kama mgonjwa alikata sugu kwa wembe.

Mitosi zihesabiwe kwa milimita 1 ya mraba, kuanzia penye nyingi zaidi. Melanini ikificha viini, ipaushe kwa hidrojeni peroksaidi. Na SOX10, kipimo cha rangi kinachoonyesha seli za melanoma, ipakwe kwa rangi nyekundu, maana ya kahawia haitofautiki na melanini.

Kupima tezi mlinzi (tezi ya limfu ya kwanza ambako saratani ingefika) kujadiliwe kuanzia T1b. LDH, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, ina uzito saratani ikishasambaa mbali, si mapema.

Uvimbe ukigusa ukingo wa chini, andika "angalau milimita 2.3", kamwe si 2.3 tupu: daktari wa upasuaji atapanga upana wa kukata kwa namba hiyo.