Somo: Laptopu ya mtumba Mwanza, usiuziwe sura

Wakuu, kila vyuo vikifunguliwa wadogo zangu wa Nyegezi na Bugando wananipigia: "Kaka, nina laki nne na nusu, nichukue ipi?" Naandika mara moja, msome wote.

Kwanza, achana na mpya nyembamba inayong'aa yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi. Haiongezeki. Chukua mtumba wa ofisini: ThinkPad za T za Lenovo, Latitude za Dell au EliteBook za HP. Ni ngumu, na mafundi wanazijua mpaka bawaba.

Pili, ukiambiwa "ni i5 hiyo bosi" (i5 ni aina ya prosesa ya Intel), uliza i5 ya lini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda penye grafu. Utaona jina la prosesa, RAM, na kama diski ni SSD (ya kasi) au HDD (ya zamani, ya polepole). Ikiandikwa i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ndiyo kizazi. I5-6300U ni kizazi cha 6. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Usishuke hapo.

Tatu, betri. Mimi nililia hapa. Muuzaji mmoja aliiacha mashine kwenye chaja muda wote tunapatana bei, nami nikaona adabu kutoichomoa. Nafika Igoma, umeme ukakatika, ikazima papo hapo na kazi ya mteja ndani. Siku hizi nachomoa kwanza, salamu baadaye. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Faili litakalotoka linaonyesha ujazo wa kiwandani na wa leo. Ukikuta 50,000 kwa 21,000, hiyo betri ni ya kubadilisha. Kata bei yake kwenye mashine.

Nne, ingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine: izime, iwashe huku unagonga F2 (Latitude), F10 (EliteBook) au F1 (ThinkPad). Ikidai nenosiri, irudishe. Kupiga Windows upya hakuliondoi.

Vitufe vyote, matundu yote ya USB, madoa kwenye kioo: dakika tano zinatosha. Risiti ya EFD usiondoke bila hiyo.

MASWALI

Dada wa Kirumba: Yangu ni kizazi cha 8 ila kuwaka tu naweza kupika chai. Niuze?
Jibu: Usiuze dada. Hiyo karibu hakika ina HDD. Weka SSD ya 256, utadhani umenunua nyingine.

Mwalimu wa Ukerewe: Kaka, huku natumia sola na inveta ndogo. Itahimili?
Jibu: Shikamoo mwalimu. Tafuta inayochaji kwa USB-C, halafu nunua chaja ya gari ya wati 65, ichukue moto moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Inveta iache ipumzike.

Mdau wa Igombe: Wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi usiku, wanaingia mpaka kwenye feni.
Jibu: Zima taa ya juu yako, kaa mbali na dirisha. Feni ikianza kuunguruma mpelekee fundi aifungue na abadilishe pesti ya kupoza prosesa. Yangu ilitoa wadudu wa kujaza kizibo cha soda.