Tovuti ya biashara yako haionekani Google? Pitia hatua hizi kabla hujamlipa mtu

Hapa Lubumbashi wafanyabiashara wengi wana tovuti ambayo hakuna mteja aliyewahi kuifikia kupitia Google. Wanaandika anwani yote wenyewe, inafunguka, basi wanaridhika kwamba iko. Juzi nilimsaidia yaya mmoja (hapa kwetu ndivyo tunavyomwita aliyetuzidi umri) anayeuza paneli za sola na betri pale Kamalondo, na kazi ilikuwa ileile ninayokutana nayo kila mara. Naiandika kwa mpangilio ili mwingine aweze kujifanyia. Mifano yangu ni ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, maana tovuti nyingi ninazoletewa zimejengwa nayo, na dashibodi iko kwa Kifaransa kama tunavyoizoea.

Jambo moja mapema: akija mtu kukuahidi nafasi ya kwanza Google kwa bei fulani, usimpe hata franka moja. Google yenyewe imeandika wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza.

Hatua ya 1: Uliza Google kama inakufahamu

Andika kwenye Google site:jinalatovuti.cd bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Kurasa zako zikitokea, fanya hatua ya 2 kisha ruka hadi ya 4. Zisipotokea, usiguse maneno wala picha kwanza. Huenda kuna kizuizi mahali.

Hatua ya 2: Fungua Search Console

Ni huduma ya bure ya Google inayokuonyesha jinsi Google inavyoiona tovuti yako. Thibitisha umiliki kwa njia ya domeni nzima, yaani kwa kuweka rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi unaopewa na Google) pale ulikonunulia jina la tovuti. Ukifanya hivyo unapata anwani zote kwa pamoja, yenye www na isiyo nayo, http na https.

Akaunti iwe ya Gmail ya mwenye biashara. Ninalishikilia sana hili. Fundi aongezwe kama mtumiaji, naye aondolewe kazi ikiisha. Nimeona biashara zikikosa kumbukumbu zao zote kwa sababu fundi alihamia Kolwezi na simu yake haipatikani tena.

Hatua ya 3: Ondoa kinachoizuia Google kuingia

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo twende polepole.

Ingia WordPress, fungua Réglages, halafu Lecture. Chini kuna kisanduku kinachosema «Demander aux moteurs de recherche de ne pas indexer ce site». Mafundi hukitia alama wakati wa kujenga ili tovuti isionekane ikiwa nusunusu, na siku ya kukabidhi wanasahau. Toa alama, hifadhi. Kuna dalili ya haraka: fungua jinalatovuti.cd/wp-sitemap.xml. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress hutengeneza ramani hiyo ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, yenyewe, ila kisanduku kikiwa na alama ramani haitoki. Unapata ukurasa wa 404, unaosema hakuna kitu.

Wengi huishia hapo, na ni mapema mno. Dashibodi inakuonyesha ulichoagiza. Google inasoma kile kinachotoka kwenye seva, na viwili hivyo huweza kutofautiana. Kwa yaya wa Kamalondo alama ilikuwa imetolewa zamani, ramani inafunguka vizuri, na bado Search Console ilisema ukurasa umezuiwa na noindex, yaani amri ya kuiambia Google isiuorodheshe.

Basi fungua ukurasa wako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U ili uone msimbo wake, kisha tafuta neno noindex. Ukilikuta, washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni plagini (programu ndogo ya kuongezea WordPress) ya SEO, yaani ya kusaidia tovuti ionekane kwenye Google, ambayo ina mpangilio wake kwa kila ukurasa, na ukurasa mmoja unaweza kuwa umefichwa peke yake. Wa pili ni plagini ya kashe, ile inayohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka, inayoendelea kugawa nakala ya zamani iliyohifadhiwa siku zile kisanduku kilipokuwa na alama. Futa kashe yote, ya plagini na ya seva kama ipo. Halafu angalia tena kwa dirisha la faragha, na hili usilipuuze: ukiwa umeingia kama msimamizi, plagini nyingi za kashe hazikupi ile nakala iliyohifadhiwa. Wewe unaona ukurasa mpya, mgeni anaona wa zamani, na Google ni mgeni.

Kama neno hilo halimo kabisa ndani ya ukurasa na Google bado inalalamika, angalia vichwa vya majibu ya seva, yaani mistari ambayo seva hutuma kabla ya ukurasa. Seva inaweza kutoa amri ileile kabla ya ukurasa wenyewe kufika, na kwenye msimbo wa ukurasa hutauona mstari huo hata ukikodoa macho mpaka asubuhi. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika:

curl -I https://jinalatovuti.cd/

Majibu yakiwa na mstari X-Robots-Tag: noindex, umempata mwizi. Kwa yaya ndipo ulipokuwa. Uliandikwa kwenye faili ya .htaccess, inayobeba maagizo ya seva, wakati tovuti ikiwa ya majaribio, ikahamishwa pamoja na faili nyingine zote. Kuufuta ni kazi ya dakika. Kuupata ndiko kulikokula mchana mzima.

Sasa fungua jinalatovuti.cd/robots.txt. Faili hii inatoa maelekezo kwa roboti zinazosoma tovuti. Utaratibu wake ulianza mwaka 1994 na ukaandikwa rasmi kama RFC 9309 mwaka 2022. Ukiona Disallow: / yenye mkwaju peke yake chini ya User-agent: *, tovuti nzima imefungwa. Disallow: /wp-admin/ haina shida, iache.

Usichanganye robots.txt na noindex. Robots.txt inaizuia roboti kusoma, noindex inaizuia kuorodhesha. Mtu akitaka kuficha ukurasa huweka vyote viwili akidhani ameongeza usalama, kumbe ni kubandika tangazo ndani ya nyumba halafu kufunga mlango. Google haiwezi kuingia, kwa hiyo haioni noindex, na kama kuna tovuti nyingine inayounganisha kwenye ukurasa ule, anwani inaweza kutokea kwenye matokeo bila maelezo. Ukitaka ukurasa utoke, weka noindex na uache mlango wazi mpaka utoke. Na usiandike noindex ndani ya robots.txt, Google iliacha kuifuata humo tangu tarehe 1 Septemba 2019.

Kuna kizuizi kingine kinachopatikana sana kwetu. Mtu anashambuliwa na barua taka, basi anaiambia plagini ya usalama ifunge nchi zote isipokuwa Kongo. Googlebot, roboti ya Google inayosoma tovuti, hupita zaidi kwa anwani za Marekani. Wewe ukifungua tovuti ukiwa Kampemba inafunguka vizuri, Google inakataliwa mlangoni. Ondoa zuio la nchi, na fomu ya mawasiliano uilinde kwa njia nyingine.

Ukimaliza, rudi Search Console, weka anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu. Jibu la kwanza unaloliona ni la siku Google ilipopita mara ya mwisho, siyo hali ya leo. Nimewaona watu wakivunja kitu walichokwisha kukitengeneza kwa sababu ya jibu hilo la zamani. Bonyeza jaribio la moja kwa moja, usome jibu lake. Likiwa safi, omba ukurasa uorodheshwe, mara moja tu. Kurudia ombi hakuharakishi kitu na maombi ya siku yana kikomo. Tuma pia ramani ya tovuti. Baada ya hapo subira: inaweza kuchukua siku kadhaa, inaweza kufika wiki kadhaa.

Hatua ya 4: Andika maneno ya mteja

Tovuti nyingi ninazofungua zina ukurasa wa mbele wenye kichwa «Accueil». Nani anatafuta hilo? Kichwa cha ukurasa kitaje unachouza na mji: «Panneaux solaires et batteries à Lubumbashi», halafu jina la duka. Kisizidi sana herufi 60, vinginevyo hukatwa kwenye matokeo. Kila ukurasa uwe na chake.

Maneno yenyewe utayapata kwenye WhatsApp yako. Mteja anauliza kama betri hii inabeba frigo usiku kucha umeme wa SNEL ukikatika. Huo ni ukurasa mzima: ujibu swali hilohilo, taja aina ya betri, taja bei kwa dola, taja kama ufungaji umo. Mteja akiandika convertisseur na wewe umejaza onduleur hybride kila mahali, weka yote mawili. Taja komini unazofikisha mzigo, Katuba, Kenya, Ruashi, ila usitengeneze kurasa saba zilezile ukibadilisha jina la komini tu. Google inazitambua na inazihesabu kuwa ulaghai.

Bei na namba ya simu ziandikwe kama maandishi. Zikibaki ndani ya picha ya bango, usitegemee Google izisome.

Ile sehemu ya «meta keywords» iache tupu. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga nafasi.

Hatua ya 5: Punguza uzito

Tangu mwaka 2015 Google imekuwa ikitazama kama ukurasa unasomeka vizuri kwenye simu, na leo toleo la simu ndilo inalolisoma kwa kuorodhesha. Wateja wetu nao wako kwenye simu, wakinunua mega kidogokidogo. Picha ya simu ina mega tatu au nne peke yake. Mimi natumia Squoosh: inafunguka ndani ya kivinjari, picha haipandishwi popote, inapunguzwa hapohapo kwenye kompyuta yako. Upana wa pikseli 1200, aina ya WebP, ubora 75. Nyingi zinashuka chini ya kilobaiti 150. WordPress inapokea WebP tangu toleo la 5.8.

Picha zinazojizungusha juu ya ukurasa wa mbele zitoe. Plagini za kujengea kurasa kwa kuburuta, sizipendi. Zinabeba mzigo ambao mteja wa Katuba ndiye anayeulipia. Pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya ukurasa, kwenye upande wa simu, na picha kubwa ya juu itokee ndani ya sekunde 2.5.

Hatua ya 6: Kifaransa na Kiswahili

Kila lugha na anwani yake, mfano /fr/ na /sw/. Kitufe kinachobadilisha lugha huku anwani ikibaki ileile hakiisaidii Google. Kwenye hreflang, alama inayoiambia Google lugha ya kila ukurasa, andika sw na fr. Ukitaka kutaja nchi, ni fr-CD. Fr-RDC haipo, na fr-CG ni Brazzaville. Ukurasa wa Kifaransa ukiutaja wa Kiswahili, wa Kiswahili nao uutaje wa Kifaransa, la sivyo alama hizo hupuuzwa.

Hatua ya 7: Jiweke kwenye ramani

Fungua wasifu wa biashara kwenye Google. Jina liwe lile lililo kwenye kibao cha duka, bila kuongeza maneno ya kuuza, maana ni kinyume cha kanuni na wasifu unaweza kusimamishwa. Sogeza alama mwenyewe mpaka mlangoni. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni wa video: onyesha barabara, kibao, na wewe ukifungua duka. Maoni waombe wateja wa kweli, usiyanunue.

Hatua ya 8: Soma ripoti kila wiki

Kwenye Search Console, ripoti ya utendaji inahifadhi miezi 16. Panga maneno kwa idadi ya mara ulizoonekana, halafu tafuta yale ambayo uko kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Hayo Google imeshakubali kwamba yanakuhusu, ila ukurasa wako haujajibu vya kutosha. Fungua ukurasa ule, ongeza jibu lililokosekana, na uweke viungo kwake kutoka kurasa zako nyingine. Kwa yaya watu walikuwa wanatafuta pampu ya sola ya kisima, bidhaa anayoiuza kila mwezi, na kwenye tovuti ilikuwa imetajwa mara moja tu, chini kabisa, karibu na haki za tovuti. Sasa ina ukurasa wake.